Msaada wa fedha kwa anayelea mtoto mwenye ulemavu: uko wapi ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe?

Swali la kwanza la wazazi huwa hili: Serikali inatoa shilingi ngapi kwa mwezi kwa mtoto mwenye ulemavu? Jibu lake ni kwamba haitoi. Tanzania Bara haina posho inayolipwa kwa mtoto kwa sababu tu ana ulemavu. Wenzetu wa Kenya wana ruzuku ya shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi, chini ya mpango wa Inua Jamii, kwa kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Sisi hatujafika huko. Ninaanza na jibu hili gumu kwa sababu wazazi wengi, wa Mwanjelwa kama wa Kilolo, huhangaika kutafuta dirisha la malipo ambalo halipo, wakazungushwa ofisi hadi ofisi, kisha wakakata tamaa na kuviacha hata vile walivyokuwa na haki navyo.

Maana vipo. Vimetawanyika tu, na vingi haviji kama hela mkononi. Vinakuja kama gharama usiyotozwa: dawa, ada, chakula cha bweni, kodi ya kifaa. Kila kimoja kina ofisi yake na masharti yake, na hakuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukueleza vyote kwa pamoja. Anayekaribia zaidi ni Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au wa halmashauri. Kama kuna mtu mmoja wa kumjua kwa jina na kuwa na namba yake ya simu, ni huyo.

Karatasi kabla ya hela

Ofisi nyingi zitakurudisha nyumbani ukikosa karatasi, kwa hiyo tuanze nazo. Cheti cha kuzaliwa ndicho cha kwanza. Mkoa wa Mbeya ulikuwa wa mwanzo kupokea mpango wa RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi, wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano bila malipo, mwaka 2013, na usajili huo hufanyika karibu na watu, kwenye kituo cha tiba au ofisi ya mtendaji wa kata. Mtoto akishavuka miaka mitano unarudi kwenye utaratibu wa kawaida, wenye ada na safari ya wilayani. Watoto wenye ulemavu huchelewa kusajiliwa kuliko wenzao. Pengine miezi ya mwanzo yote iliishia wodini, au mkubwa fulani wa ukoo alisema tungoje kwanza tuone kama ataishi. Usingoje. Mtoto huyu ni mtu tangu siku aliyozaliwa, na sheria inamtambua hivyo.

Kisha taarifa ya daktari inayotaja hali yenyewe: mtindio wa ubongo, usonji, uziwi, kichwa kikubwa, mgongo wazi, kifafa, ualbino. Barua inayosema tu kwamba mtoto ni mlemavu haimsaidii mtu yeyote kuamua apelekwe shule ipi, apate kifaa gani, au aonwe kliniki ya siku gani. Omba iandikwe vizuri, itiwe muhuri, na ubaki na nakala nyumbani.

La mwisho ni jina la mtoto kwenye kumbukumbu za kijiji au mtaa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa hadi taifa, na viongozi wa eneo wanatakiwa kuwatambua watu hawa na kuwaweka kwenye kumbukumbu. Viti mwendo vikija halmashauri, au mafuta ya kukinga jua kwa wenye ualbino, mgawo hufuata majina yaliyoandikwa. Mtoto anayefungiwa chumba cha nyuma wageni wakija hayumo kwenye orodha yoyote. Aibu hiyo inagharimu fedha halisi, na nasema hivi bila kumhukumu mzazi, kwa sababu najua maneno ya majirani yanavyochoma.

TASAF inatazama kaya, haimtazami mtoto

Kwa wengi, TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ndiyo njia pekee ya fedha taslimu kufika nyumbani mara kwa mara, na ndipo palipo na kutoelewana kwingi. Mpango wake wa kunusuru kaya maskini ulianza mwaka 2012, na kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020. Kaya huingia kwa sababu ni maskini sana. Ulemavu peke yake hauiingizi. Mwalimu wa Uyole mwenye mtoto mwenye usonji hatapata kitu, hata kama nusu ya mshahara wake inaishia kwa madaktari. Naliona hilo kuwa pengo kubwa, kwa kuwa ulemavu wenyewe huleta umaskini: mama anaacha kuuza ndizi sokoni, shamba la viazi linalimwa nusu, ng'ombe anauzwa kulipia kipimo. Kaya inayoteremka hivyo leo itaonekana na mpango baada ya kufika chini kabisa.

Kaya ikishaingia, kuwapo kwa mtu mwenye ulemavu huhesabiwa katika kupanga ruzuku yake, na kaya ambayo haina mtu mwenye nguvu za kufanya kazi haitegemewi kwenda kwenye ajira za muda za kuchimba barabara au kupanda miti. Hakikisha basi kwamba ulemavu wa mtoto umeandikwa kwenye dodoso lenu. Bibi anayelea mjukuu peke yake huenda akajibu maswali yote kuhusu bati, choo na mifugo, na yule mtoto aliyelala ndani akahesabiwa kama mtoto mwingine yeyote.

Majina ya walengwa hayatungwi Dodoma. Huanzia kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, ambako wananchi wenyewe hutaja kaya zenye hali mbaya. Baada ya hapo linajazwa dodoso, taarifa zinachambuliwa, na majina yanarudishwa mkutanoni kuthibitishwa. Sasa fikiri ni nani anayeshindwa kuhudhuria mkutano wa saa tatu. Ni yule ambaye mtoto wake hawezi kuachwa hata nusu saa. Hayupo, hatajwi, na hakuna aliyekusudia kumwacha. Kama huwezi kwenda, mtume kaka, shangazi au balozi aseme kwa niaba yako. Kama unaweza, nenda na mtoto mgongoni, watu wamwone. Utambuzi haufanyiki kila mwaka, kwa hiyo muulize mapema mratibu wa TASAF wa halmashauri yenu kama kuna zoezi linalokuja, na malalamiko ya kuachwa nayo yapelekwe huko, kwa maandishi.

Jambo jingine linalowakata wazazi ni masharti. Sehemu ya ruzuku hufungwa na mahudhurio ya shule na kliniki. Mtoto asiyekwenda shule kwa sababu shule ya karibu haina mwalimu wa kumfundisha wala choo anachoweza kutumia asihesabiwe mtoro. Pata barua ya mwalimu mkuu inayoeleza hali hiyo na uipeleke kabla makato hayajaanza, kwani kulirudisha lililokwisha kukatwa ni kazi ndefu.

Hospitali: msamaha upo, lakini huombwa

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataka watoto chini ya miaka mitano watibiwe bila malipo kwenye vituo vya umma. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo miaka hiyo mitano hupita upesi. Akitimiza sita bado hashiki shingo vizuri, bado ana kifafa, bado anahitaji mazoezi ya viungo kila wiki, lakini kwa hesabu ya umri amekwishatoka kwenye kundi la msamaha. Hapo wazazi wengi huacha kliniki, wakidhani mambo yamekwisha.

Hayajaisha. Kuna msamaha wa pili, wa wasio na uwezo, na huo haumfuati mtu dirishani. Unauomba katika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ambayo ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, na ipo kwenye hospitali za wilaya. Afisa atakuhoji kuhusu kipato na kaya yako. Ukifika na barua ya mtendaji wa kijiji au kata inayoeleza hali yenu, au na kitambulisho cha mlengwa wa TASAF, mazungumzo huwa mafupi zaidi. Omba kabla ya huduma, au siku ileile ya kulazwa. Anayeomba msamaha siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa imeshafika laki kadhaa, anaiweka ofisi na yeye mwenyewe pabaya.

Bima ni habari ndefu na inabadilika. Kwa miaka kadhaa kaya nyingi za vijijini zimetumia CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyotozwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita na kutibia kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwenye ajira rasmi huwa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambako mchangiaji, mwenzi wake na wategemezi wanne wanahudumiwa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na ndani yake upo utaratibu wa Serikali kuwagharamia wasio na uwezo. Utekelezaji wake unakwenda kwa hatua, kwa hiyo kabla ya kulipia kadi yoyote nenda ofisi ya NHIF ya mkoa na uulize mambo mawili kwa ajili ya mtoto huyu mahsusi: je, kadi hii inalipia mazoezi ya viungo, na je, inalipia kifaa anachohitaji? Kadi nzuri kwa mtoto mwenye malaria inaweza kuwa karatasi tu kwa mtoto mwenye mgongo wazi.

Yapo matatizo ambayo tiba yake hufadhiliwa karibu yote. Upasuaji wa mdomo sungura umekuwa ukilipiwa na wafadhili wa kimataifa. Mguu kifundo hunyooshwa kwa plasta mfululizo endapo mtoto atafikishwa mapema, katika wiki zake za mwanzo, kwa gharama ndogo kuliko kusubiri upasuaji wa ukubwani. Kwa kichwa kikubwa na mgongo wazi kuna chama cha wazazi, ASBAHT, ambacho huwaunganisha wenye watoto hao na huduma. Hospitali ya CCBRT iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Usifunge safari hiyo kabla ya kuuliza hapa Mbeya kama madaktari wa hapa wanaweza kumhudumia, au kama kuna timu ya wataalamu inayotarajiwa kuja.

Kuhusu vifaa, sheria ya kodi imevisamehe VAT, kodi ya ongezeko la thamani, vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye mahitaji maalumu, kama viti mwendo. Viti hivyo pia hugawiwa na halmashauri, makanisa na wafadhili. Hapa nawasihi wazazi: msipokee kiti chochote tu kwa kuwa ni cha bure. Kiti cha mtu mzima humpindisha mgongo mtoto wa miaka sita, miguu inaning'inia, na baada ya mwaka anahitaji tiba ambayo hakuihitaji. Muulize mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwanza. Mara nyingi kinachofaa ni kiti cha kona cha mbao, chenye meza na mkanda wa kifuani, na fundi seremala yeyote anaweza kukitengeneza akipewa vipimo. Mbao za Sao Hill hazijaadimika kwetu.

Shule

Ada imefutwa katika shule za umma, kwanza hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, kisha kidato cha tano na sita kuanzia 2022. Kwa mtoto mwenye ulemavu ada ilikuwa tatizo dogo siku zote. Tatizo ni shule inayomfaa, na mara nyingi iko mbali. Shule ya Viziwi Mtwivila iko Iringa mjini. Katumba II iko Rungwe. Makalala iko Mafinga. Mtoto wa Mbarali au Makete hawezi kwenda na kurudi kila siku, kwa hiyo analala bweni, na Serikali hupeleka fedha za chakula kwenye mabweni ya wenye mahitaji maalumu. Godoro, sare, sabuni na nauli za likizo hubaki kwa mzazi.

Njia ya kufika huko ni Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri. Mtoto hupimwa kwanza ili ijulikane anahitaji nini, ndipo apangiwe shule. Mzazi anayempeleka mtoto moja kwa moja kwenye shule ya bweni bila kupita hapo hupoteza nauli na mara nyingi hurudi naye. Akikua, kuna vyuo vya Serikali vya ufundi kwa watu wenye ulemavu, kama Yombo cha Dar es Salaam na Sabasaba cha Singida, na waombaji wenye ulemavu hupewa kipaumbele kwenye mikopo ya elimu ya juu.

Asilimia mbili si za mtoto

Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kwanza, ni mkopo, na utarejeshwa hata kama mtoto amelazwa. Pili, mtoto hakopi. Mama mwenye mtoto wa miaka saba anayekwenda kuulizia zile asilimia 2 anaweza kujibiwa kwamba yeye hana ulemavu. Njia iliyo wazi kwake ni zile asilimia 4 za wanawake, kupitia kikundi kilichosajiliwa.

Vikundi vya kina mama wanaolea watoto wenye ulemavu vina faida ambayo vikundi vingine havina: wanaweza kupokezana kukaa na watoto wakati wenzao wako sokoni. Mkopo bila mtu wa kumshika mtoto huliwa ndani ya miezi michache. Ndiyo maana ningemshauri mama atafute wenzake kwanza, kliniki ya mazoezi ndiko wanakokutana, na mkopo ufuate baadaye. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye atakayewasaidia usajili na maombi.

Baba aliyeondoka

Hili huzungumzwa kwa sauti ya chini, na halistahili. Wanaume wengi huondoka baada ya daktari kutaja jina la hali ya mtoto, na ukoo ukamwachia mama lawama na mzigo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haijui kisingizio hicho. Mzazi ana wajibu wa kumtunza mtoto wake, na mahakama ikipanga kiwango cha matunzo hutazama kipato na mali za wazazi wote wawili, wengine wanaowategemea, na gharama za maisha za eneo lao. Gharama za mtoto mwenye ulemavu ni kubwa kuliko za wenzake, kwa hiyo ziorodheshe zote: dawa, nauli, nepi, unga wa lishe, na uende na risiti.

Anzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye kwanza hujaribu kuwapatanisha mkakubaliana kwa maandishi. Ikishindikana, maombi huenda Mahakama ya Watoto, ambayo Mbeya mjini ina jengo lake. Kwingineko yapo mahakama zilizopewa jukumu hilo. Huhitaji wakili wa kulipa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wako wilayani kwako. Namba 116, Huduma kwa Mtoto, hupigwa bure.

Mashirika yapo pia, na mzazi asiyaonee haya. Neema Crafts ya Iringa, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, imewaajiri watu wazima wenye ulemavu, na kumpeleka mzazi aliyekata tamaa akawaone wakifanya kazi kuna thamani yake. Child Support Tanzania, Mbeya, inashughulika na elimu jumuishi. SHIVYAWATA ni mwavuli wa vyama vya watu wenye ulemavu, vikiwamo CHAVITA cha viziwi na TAS cha wenye ualbino.

Nauli haina wa kuilipa

Katika yote niliyoyataja, hakuna linalolipia safari. Chukua mama wa Busokelo ambaye mtoto wake ametakiwa kufanya mazoezi mara moja kwa wiki Mbeya mjini. Huduma amesamehewa. Lakini atoke kwake kwa bodaboda hadi Lwangwa, masika barabara ikiwa tope, apande gari hadi Tukuyu, abadilishe hadi Mbeya, kisha achukue bajaji kwa sababu mtoto wa miaka minane habebeki kilima kizima. Siku nzima imekwisha, na kesho yake hana kibarua. Akiacha kuja, faili hospitalini linaandikwa kwamba hakuhudhuria, na msamaha wake, ambao Serikali imeutoa kwa nia njema kabisa, haujamfikia.

Yapo ya kuomba yanayopunguza mzigo huu. Mwambie mtaalamu wa mazoezi akufundishe yale ya kufanya nyumbani, akuandikie, na mkutane kila baada ya mwezi badala ya kila wiki. Omba kliniki ya kifafa na ya mazoezi ziwekwe siku moja. Wazazi wa kata moja wakikodi gari pamoja siku ya kliniki, nauli hushuka.

Lakini mzigo wenyewe ungeweza kubebwa na halmashauri, kwa mapato yake ya ndani, kama kasma ndogo tu, yaani fungu la bajeti, ya nauli kwa watoto walio kwenye kumbukumbu za kata. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na madiwani hujadili bajeti miezi kadhaa kabla, kwa mapendekezo yanayotakiwa kuanzia kijijini na kwenye kata. Mkutano wa kijiji wa mwisho wa mwaka ndio mahali pa kulisema. Nendeni wazazi watano au sita kwa pamoja, na watoto wenu, na hesabu ya nauli ya mwaka mmoja ikiwa imeandikwa kwenye karatasi, mumkabidhi diwani mbele ya watu na mtendaji aiandike kwenye muhtasari.